Wasomaji Wauliza: Kutoka Ndege Ndogo za Povu hadi Ndege Kubwa za Umeme

Barua za ndege za rimoti zimelundikana mezani, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: nimeizoea ndege yangu ndogo, sasa naitaka kubwa, nianzie wapi? Msimamo wetu tuuseme mapema. Ndege kubwa ya mafunzo ni rahisi kurusha kuliko ndogo. Ugumu wake uko chini, kabla haijaondoka: betri, propela, nyaya na mizani. Ndiyo maana majibu mengi hapa yanazungumzia vitu hivyo kuliko stiki za rimoti.

Kwa wageni wa safu hii: betri ya lipo (lithiamu-polima) ya 3S ina seli tatu zilizofuatana, kila moja volti 3.7 kwa kawaida na 4.2 ikijaa. Namba kama 2200 au 5000 ni uwezo wake kwa miliampea-saa. Propela ya 13x6.5 ina kipenyo cha inchi 13, na namba ya pili ni inchi ambazo ingesonga mbele kwa kila mzunguko kama isingeteleza hewani.

Nina ndege ya povu ya mita 1.1, inatumia 3S ya 2200, na nairusha vizuri hata kukiwa na kaupepo. Wenzangu wengine wananiambia nipitie kwanza ya mita 1.5, wengine wanasema niende moja kwa moja kwenye ya balsa (mbao nyepesi) ya mita 2. Nimsikilize nani? — Msomaji, Nakuru

Urefu wa mabawa peke yake haukuambii kitu. Chukua uzito wa ndege ikiwa na betri ndani, gawa kwa eneo la bawa, upate kila desimita ya mraba inabeba gramu ngapi. Namba hiyo ndiyo inayoamua ndege itatua kwa kasi gani.

Ndege za povu za saizi yako nyingi hubeba gramu 30 hadi 40. Kwenye hewa ya usawa wa bahari, bawa la namna hiyo huacha kuibeba ndege kasi ikishuka hadi karibu kilomita 23 hadi 26 kwa saa. Trena (ndege ya mafunzo) ya kawaida ya balsa ya mita 1.6, yenye kilo 2.7 na desimita za mraba 46, inabeba karibu gramu 59, na huacha kubeba ikishuka hadi kama kilomita 32 kwa saa. Sasa chukua kubwa zaidi, mfano Kadet Senior, trena ya kampuni ya Sig: mabawa yanakaribia mita 2, eneo ni kama desimita za mraba 75, na ikifungwa umeme huwa karibu kilo 3. Hiyo inabeba gramu 40 tu. Kwa maneno mengine, ya mita 2 inatua taratibu kama hiyo uliyonayo, na ile ya mita 1.6 ya katikati ndiyo inayokuja na mbio. Wenzako wanaodhani ngazi inapanda kwa sentimita wanakosea hapo.

Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari. Hewa yenu ni nyepesi kwa kama asilimia 17 kuliko ya Mombasa, kwa hiyo kasi zote tulizotaja ziongeze asilimia 10. Hiyo ni sababu nyingine ya kutafuta bawa lenye mzigo mdogo.

Kuna upande wa pili wa hesabu. Ndege ya gramu 800 ikigonga kitu kwa mita 9 kwa sekunde ina nishati ya jouli 32. Ya kilo 3 kwa mita 14 kwa sekunde ina karibu 294, yaani mara tisa. Kiwanja cha shule ulichozoea, chenye watoto kila upande, hakifai tena. Tafuta sehemu iliyonyooka ya mita 100 kwa 15 ya kukimbilia, na nje yake nafasi wazi isiyo na watu, nyaya za umeme wala ng'ombe wa jirani. Ukikosa nafasi hiyo, basi ya povu ya mita 1.5 yenye 3S ya 3200 ndiyo yako, wala si aibu.

Tena pima gari. Mabawa mengi ya mita 2 hutenganishwa katikati, lakini si yote, na bawa la kipande kimoja kwenye Probox litakulazimisha kulaza kiti cha abiria.

Je, uko tayari? Jipime na ndege uliyonayo: itue mara tano mfululizo ndani ya eneo la mita 10 ulilochagua kabla ya kuruka, ukizunguka kwa kushoto na pia kwa kulia. Kama huwezi kuzungukia upande mmojawapo, bado.

Nimeuziwa trena ya balsa iliyotumika, mita 1.6, ya daraja la 40 la injini ya mafuta, bila injini. Nataka kuifunga umeme. Fundi aliniambia mota yoyote kubwa itatosha. Nisaidieni mota, propela, ESC (kidhibiti cha kasi ya mota) na betri, na niviweke wapi. — Msomaji, Kigamboni

“Kubwa” si kipimo, dada. Daraja la 40 maana yake injini ya inchi za ujazo 0.40, karibu sentimita za ujazo 6.5, na tunaibadilisha kwa wati.

Anza na mizani ya jikoni. Bodi (kiwiliwili), bawa, servo (mota ndogo zinazosogeza vibao vya mabawa na mkia) na risiva (kipokezi cha mawimbi ya rimoti) za ndege kama hiyo huwa karibu kilo 1.7. Ongeza mota gramu 290, ESC gramu 70, betri ya 4S 5000 gramu 500, propela na skrubu gramu 60. Jumla kama kilo 2.6. Trena inahitaji wati 150 hadi 200 kwa kila kilo, kwa hiyo lenga wati 450 hadi 500. Betri ya 4S chini ya mzigo inatoa kama volti 14, nawe utakuwa unavuta ampea 32 hadi 36.

Mota iwe ya gramu zipatazo 290 yenye Kv 650 hadi 700, yaani mizunguko ya kila dakika kwa kila volti ikiwa haina mzigo. Kanuni ya haraka ya mafundi ni kwamba mota hustahimili karibu wati 3 kwa kila gramu yake, kwa hiyo hii haitatokwa jasho. ESC iwe ya ampea 50 au 60, siyo 40, kwa kuwa joto la Dar halina huruma na kifaa kinachofanya kazi ukingoni.

Propela anza na 13x6.5 ya aina ya umeme. Mota ya Kv 670 itaizungusha kama mara 7,700 kwa dakika. Usikimbilie 14x7 kwa kuona tofauti ni inchi moja: mzigo hukua kwa kipenyo kilichozidishwa chenyewe mara nne, kisha kwa ile namba ya pili, hivyo kwa mizunguko ileile 14x7 inadai karibu asilimia 45 zaidi. Mota iliyokuwa ikivuta ampea 34 inaanza kunukia. Usichukue pia zile propela nyembamba za ndege za polepole zenye herufi SF. APC, watengenezaji wa propela hizo, wenyewe wanaweka kikomo cha SF kuwa 65,000 kugawa kwa kipenyo cha inchi. Kwa inchi 13 hiyo ni mizunguko 5,000 tu. Kwenye 7,700 panga lake linaweza kung'oka.

Sasa mbao. Ubao wa mbele wa ndege iliyokunywa mafuta ya injini miaka mingi huwa umelowa, na gundi haishiki kwenye mafuta. Ukikwaruza kwa kucha ukaona weusi unaong'aa, changanya unga wa wanga na spiriti uwe kama uji mzito, paka, acha ukauke hadi uwe mweupe, kisha piga brashi. Unga utatoka wa kahawia. Rudia mpaka utoke mweupe. Ndipo uongeze vipande vya mbao vya pembetatu kwenye kona za nyuma ya ubao, ukigandisha na epoksi ya dakika 30. Ile ya dakika 5 iache kwa kazi nyepesi.

Mota ya umeme ni fupi kuliko injini, kwa hiyo inahitaji vijiti vinne vya chuma au alumini kuisogeza mbele, ili propela ikae pale ilipokuwa ya zamani, yaani sentimita 11 hadi 12 kutoka kwenye ubao. Iinamishe chini digrii 2 au 3 na kulia digrii 2. Bolti zikiwa zimeachana milimita 50, washa (kipete cha bolti) yenye unene wa karibu milimita 1.7 inakupa digrii 2. Ukiipuuza hatua hii ndege itainua pua kila ukiongeza nguvu, nawe utadhani ni makosa ya elevata, kibao cha mkia kinachoinua na kushusha pua.

Betri inakaa kwenye chumba cha tangi la zamani. Kata kifuniko juu yake, usikubali kufungua bawa kila unapobadilisha betri, maana siku ya tatu utaanza kufunga haraka haraka na vibaya. Fremu utakayolazimika kutoboa iimarishe na plaiwudi ya milimita 3. Betri ishikwe na velkro chini na mikanda miwili juu. Gramu 500 zikiteleza nyuma wakati ndege inapanda, hakuna rubani wa kuiokoa.

Kitovu cha uzito: bawa lako lina upana wa karibu sentimita 29 kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma. Anza na asilimia 28 hadi 30, ambayo ni sentimita 8 hadi 8.5 kutoka mbele. Inua ndege kwa ncha za vidole viwili chini ya alama hizo, betri ikiwa ndani. Pua ikiinama kidogo ni sawa. Mkia ukishuka, usiirushe. Sogeza betri mbele.

Hewa iingie kwa tundu la sentimita za mraba 10 mbele na itokee kwa tundu la mara mbili ya hapo nyuma. Tundu la kutokea ndilo watu husahau.

Mwisho, pima kwa mita ya wati kabla ya kwenda uwanjani. Funga mkia kwa kamba kwenye mti au mguu wa meza nzito, simama nyuma ya propela, betri iwe imejaa, nguvu zote kwa sekunde 10. Ampea zikizidi 45, shusha propela. Kisha gusa mota: ukiweza kuishika kwa sekunde tatu au nne, joto liko salama.

Nina betri mbili za 3S 2200 za ndege yangu ya zamani. Naweza kuziunganisha ziendeshe ndege kubwa badala ya kununua 4S mpya? — Msomaji, Thika

Unaweza, na ni njia ya bei nafuu ambayo watu wengi hawaifikirii, mradi mota ichaguliwe kwa ajili yake.

Ukiziunganisha kwa kufuatana, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine, unapata 6S 2200. Volti zinaongezeka, uwezo unabaki uleule. Ukiziweka sambamba unapata 3S 4400. Kwa ndege ya wati 500, 6S inavuta kama ampea 24 tu, jambo linalopunguza joto kwenye nyaya. Tafuta mota ya uzito uleule wa gramu 290 lakini ya Kv 430 hivi, itazungusha 13x6.5 ileile karibu kwa kasi ileile. Muda hewani utakuwa kama dakika 8. Betri mbili zina gramu 360, nyepesi kuliko 4S 5000, kwa hiyo utalazimika kuzisogeza mbele zaidi.

Kosa linalochoma vitu ni kuchukua mota ya Kv 670 iliyopangiwa 4S na kuipa 6S. Mizunguko inataka kupanda mara 1.5, na mzigo wa propela unafuata mizunguko iliyozidishwa yenyewe mara tatu: karibu mara 3.4. ESC ndiyo hufa kwanza, na mara nyingi kwa moshi.

Betri hizo mbili ziwe za umri mmoja, uwezo mmoja, na zimejazwa pamoja. Moja ikiwa imechoka, itashuka chini ya volti 3 kwa seli wakati mwenzake bado inatabasamu, nayo itavimba. Tena hakikisha ESC imeandikwa 6S. Nyingi za ndege ndogo zinaishia 4S.

Ndugu yangu anakuja kutoka Dubai. Naweza kumwagiza betri mbili za 6S 5000? — Msomaji, Unguja

Hesabu saa-wati: volti 22.2 mara ampea-saa 5 ni 111. Kanuni za ndege za abiria zinaruhusu betri za akiba hadi 100 bila kuomba. Kati ya 100 na 160 lazima shirika la ndege likubali kwanza, na mwisho ni mbili kwa abiria. Kwa hiyo aombe kibali kabla ya safari, siyo kwenye kaunta. Ukimwagiza 4S 5000, ambayo ni 74, anapita bila maombi. Vyovyote iwavyo zinakwenda kwenye mkoba wa mkononi, kamwe si kwenye sanduku la chini, na plagi zake zifunikwe kwa tepu kila moja peke yake. Zisafiri zikiwa na volti 3.8 kwa seli.

Ikianza kukimbia inavuta kushoto mpaka inaingia kwenye majani. Nikifanikiwa kuipandisha, kutua ni balaa: ama inadunda mara tatu ama inapitiliza uwanja mzima. Ile ndogo nilikuwa nairusha kwa mkono na kuitua kwa tumbo. — Msomaji, Arusha

Umeshajijibu nusu: hukuwahi kujifunza kukimbia ardhini.

Kuvuta kushoto ni tabia ya propela inayozunguka kulia, na huzidi ukisukuma nguvu zote kwa mkupuo. Panda na nguvu taratibu, ichukue sekunde tatu hadi nne kufika juu, huku kidole cha usukani kikigusa kulia kidogo kidogo. Wengi mliozoea ndege ndogo za eleroni (vibao vya ukingo wa nyuma wa bawa) mmeisahau stiki ya usukani, na eleroni hazisaidii kitu ndege ikiwa chini. Kabla ya kulaumu mkono wako, isukume ndege kwenye sakafu laini bila mota. Isipokwenda sawa kwa mita 3 au 4, gurudumu la pua limepinda. Liweke pia lisigeuke zaidi ya digrii 10 hadi 15 kila upande. Ndege nyingi huletwa zikigeuka mara mbili ya hapo, na kwa mwendo wa kasi zinapepesuka. Kwenye nyasi zenu tumia magurudumu ya milimita 75 au zaidi.

Ikiinuka, usiivute. Watu huangusha ndege kubwa hapa hapa: inaondoka ardhini, rubani anafurahi, anavuta elevata hadi pua inatazama mawingu, bawa linaacha kubeba kwenye mita 4, na upande mmoja unaanguka kwanza. Acha ipande kwa mteremko mdogo hadi ifikie mita 20, kisha ugeuke. Arusha mko karibu mita 1,400, hewa ni nyepesi, kwa hiyo mbio zenu lazima ziwe ndefu kuliko za mtu wa Tanga mwenye ndege ileile.

Kutua sasa. Ndege ndogo ukikata nguvu inasimama karibu hapo hapo, kwa kuwa haina uzito wa kuisukuma. Kubwa inaendelea na safari. Ndiyo maana inapitiliza: unaanza kushuka ukiwa karibu mno na juu mno. Pita sambamba na uwanja ukiwa mita 25 juu, geuka, na mstari wa mwisho uanze mita 80 hadi 100 kabla ya pale unapotaka magurudumu yaguse. Nguvu ziwe kama robo. Usizime kabisa, kwani propela ya inchi 13 inayozungushwa na upepo inavuta ndege nyuma na itashuka kwa ghafla kuliko ulivyotarajia. Pua iwe chini kidogo. Kasi inasimamiwa na elevata, kushuka kunasimamiwa na nguvu; wengi hufanya kinyume na ndiyo sababu mstari wao unapanda na kushuka.

Ikifika nusu mita, punguza nguvu hadi sifuri na anza kuvuta elevata polepole, kidogo, ukijaribu kuizuia isiguse. Itagusa yenyewe kwa magurudumu ya nyuma. Kudunda kunatokana na gurudumu la pua kutangulia, na kunakuwa mara tatu kwa sababu rubani anasukuma pua chini baada ya mdundo wa kwanza. Ikidunda, shika elevata ilipo, ongeza nguvu theluthi moja, zunguka upya.

Ili uwe na nafasi ya kuzunguka upya, weka saa ya rimoti ilie dakika ya 7 kwa betri ya 5000. Inaweza kukaa 11 au 12, lakini hizo si zako bado. Ukitua, pima: seli ikisoma 3.75 hadi 3.8 baada ya kupumzika, umetumia kiasi sahihi.

Ndege yangu ya 4S iliganda hewani kwa sekunde mbili, stiki hazikufanya kitu, halafu ikarudi. Rimoti ni mpya na betri ilikuwa imejaa. — Msomaji, Kampala

Usiirushe tena kabla ya kufanya haya. Dalili hiyo ni ya risiva kukosa umeme, ikazimika na kuwaka upya.

ESC nyingi za bei nafuu hulisha risiva na servo kwa kipande kinachopunguza volti kwa kugeuza ziada kuwa joto. Kwenye 3S, volti 12.6 zinashushwa hadi 5. Ziada ni 7.6. Kwenye 4S ziada ni 11.8. Servo zako za saizi ya kawaida zikivuta ampea 1.5 kwa wastani, kipande hicho kinachoma karibu wati 18 ndani ya bodi iliyofungwa. Kinajilinda kwa kujizima. Ndege ndogo yenye servo nne za gramu 9 haikuwahi kukionyesha udhaifu huo.

Chomoa waya mwekundu kwenye plagi inayotoka ESC kwenda risiva, ukunje na kuufunga tepu, kisha tumia BEC (kipunguza volti cha risiva) ya pekee ya aina ya kuswichi yenye ampea 5. Njia nyingine ni betri ndogo ya LiFe (aina nyingine ya lithiamu) ya seli mbili, volti 6.6, kama servo zako zinaikubali. Kisha chezesha servo zote kwa pamoja kwa dakika tatu ndege ikiwa chini, na mita ikisoma umeme wa risiva. Ukishuka chini ya 4.8, bado kuna tatizo.

Ukiwa umefungua bodi, tazama antena mbili za risiva: zielekee pembe tofauti, digrii 90, mbali na betri na mirija ya kaboni. Weka rimoti kwenye hali ya kupima umbali na utembee hatua 30. Kisha ondoa propela na uzime rimoti: mota lazima isimame yenyewe. Kama inaendelea kuzunguka, panga upya amri ya dharura ya risiva kabla ya jambo lingine lolote.

Kuchaji uwanjani kwa betri ya gari ni salama? Chaja yangu ya zamani ni ya wati 50. — Msomaji, Dodoma

Ni salama kwa lipo, si salama kwa safari yako ya kurudi. 4S 5000 ikichajiwa kwa ampea 5 inahitaji wati 84. Chaja ya wati 50 itakupa kama ampea 3, kwa hiyo kaa tayari kwa saa moja na nusu au zaidi. Kila ujazo kamili unatoa karibu ampea-saa 7 kwenye betri ya gari. Betri ya gari ya ampea-saa 45 usiishushe chini ya nusu, basi hesabu yako inaishia kwenye tatu. Ya nne utasukuma gari.

Chaji betri ikiwa imetolewa kwenye ndege, ikiwa juu ya tofali au kwenye chungu cha udongo, plagi ndogo ya kusawazisha seli ikiwa imechomekwa, na usiondoke. Usiiache kwenye gari lililofungwa juani, wala usichaji ikiwa bado ina joto la kuruka. Iliyovimba haina tiba.

Mwenzangu alikatwa kidole mezani wakati anapanga rimoti. Propela ya ndege ndogo ilikuwa inachapa tu. — Msomaji, Mwanza

Pole zake. Propela ya inchi 13 inafika mfupani, na mota ya umeme haizimiki ikikutana na kidole kama injini ndogo ya mafuta, inaongeza ampea. Kazi yoyote ya rimoti au ESC mezani ifanyike propela ikiwa imetolewa. Uwanjani, swichi ya kukata nguvu iwe imewashwa kwanza, rimoti iwake kabla ya ndege, mtu ashike mkia, na betri ichomekwe mikono na uso vikiwa nyuma ya propela. Afadhali zaidi ni plagi ya kuwashia ubavuni mwa bodi, nyuma ya bawa, ili hatua ya mwisho ya kuwasha isiwe karibu na pua kabisa. Kwa 6S tumia plagi yenye kizuizi cha cheche, kama XT90-S, vinginevyo kila uchomekaji unakula plagi.

Ndege yangu ya sasa inajisawazisha yenyewe nikiachia stiki. Kubwa ninayoitaka haina kifaa hicho. — Msomaji, Eldoret

Kizime kwenye ndogo kwanza. Ruka na kifaa mpaka mita 50, kizime, zunguka, kiwashe kabla ya kutua. Kisha ongeza muda hadi utue bila hicho. Ukishindwa, jua ni kifaa kilichokuwa kikirusha.

Je, ninahitaji kibali? — Wasomaji kadhaa

Kenya kuna kanuni za ndege zisizo na rubani za mwaka 2020 chini ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Tanzania mamlaka hiyo ni TCAA. Waulize kwa maandishi, ukitaja uzito, kimo na kiwanja, na upate jibu kabla ya kununua. Kwa msomaji wetu aliye Ohio, Marekani: ndege inayozidi gramu 250 husajiliwa FAA, mamlaka ya anga ya huko, unafanya mtihani wa usalama wa TRUST, kimo kisizidi futi 400 kwenye anga isiyoongozwa, na kama huna kifaa cha Remote ID, kinachotangaza utambulisho wa ndege na mahali ilipo, unarushia kwenye viwanja vilivyotambuliwa na FAA. Vilabu vya AMA, chama cha warusha ndege za mfano, vitakuelekeza.

Rababendi za kufungia bawa ni ghali na zinakatika. Naweza kutumia vipande vya tyubu ya baiskeli? — Msomaji, Morogoro

Hapana. Vipande vya tyubu havilingani upana, kwa hiyo upande mmoja unavuta zaidi na bawa linakaa mshazari. Tena ni vigumu mno, na bawa likigonga nguzo halitateleza, litavunja bodi. Kwa kilo 2.7 tumia rababendi 10 hadi 12 nene, za kwanza zikienda sawa mbele hadi nyuma, mbili za mwisho zikikatizana ili zishike wenzake. Zinazokatika zinakatika kwa jua. Zitoe kila ukimaliza kuruka, zipake unga wa talki, zifungwe kwenye kopo lisilopitisha mwanga, na yoyote yenye ufa ukiivuta mbele ya macho, itupe.